Mwanzo wa filamu yetu umetugawa. Tuanzie wapi?

Shikamoo Anti,

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa masomo ya filamu hapa Dar es Salaam. Tupo kikundi cha watu watano na tunatakiwa kuwasilisha filamu fupi ya dakika 12 mwisho wa muhula. Skripti nimeandika mimi na mimi ndiye muongozaji. Bajeti yetu yote ni shilingi 400,000 za kuchangishana. Kamera na traipodi tunaazimwa na chuo kwa siku mbili tu, baada ya hapo vinaenda kwa kikundi kingine.

Hadithi ni ya mama fundi cherehani wa Mbagala aliyechukua mkopo wa kausha damu, ule wa riba kali, kwa siri ili amlipie binti yake ada. Marejesho yamemshinda. Filamu nzima ni siku moja, siku ambayo wanakuja kuichukua cherehani yake. Mwisho wake naujua na nauamini. Kinachonitesa ni mwanzo.

Ulioko kwenye skripti sasa hivi ni huu: alfajiri, droni inapita juu ya Daraja la Tanzanite, jua linachomoza baharini, kivuko cha Kigamboni kimejaa watu, daladala zinakimbizana, halafu tunaingia Mbagala. Juu ya picha hizo sauti ya binti inasimulia kwamba hii ni hadithi ya mama yake. Kisha binti anaamka, anazima alamu, anapiga mswaki, anajitazama kwenye kioo. Majina yetu yanapita, na nyuma kuna wimbo wa Bongo Fleva unaopendwa sana. Jumla dakika mbili na nusu.

Mwalimu alisoma akaniambia maneno mawili tu: "Bado hujaanza." Mpigapicha wetu, ambaye ni rafiki yangu sana, anataka tufute vyote tupige shoti moja ndefu bila kukata, kutoka barabarani mpaka ndani kwa mama, kama ile ya muongozaji wa Marekani Orson Welles ya mwaka 1958 tuliyoonyeshwa darasani. Ameshapata mtu wa kutukodishia droni na gimbali, kile kishikio cha kutuliza kamera, kwa laki moja na nusu. Mhariri anataka tuanze na tukio la mwisho, wanaume wamebeba cherehani, kisha maandishi yaseme "Saa kumi na mbili zilizopita". Prodyusa anasema lolote, ilimradi pesa isizidi. Kwenye kundi letu la WhatsApp tumefika mahali watu wanasoma ujumbe na hawajibu.

Tunaanza kupiga baada ya wiki tatu. Nipangeje mwanzo huu?

Muongozaji mwenye mwisho bila mwanzo, Dar es Salaam

*

Marahaba mwanangu. Hongera kwa kuujua mwisho wako. Wanafunzi wengi wanakuja na mwanzo wa kung'aa na hadithi isiyo na pa kwenda, na ugonjwa huo hautibiki kwa wiki tatu. Wako unatibika.

Mwalimu wako amekuambia kweli. Pitia tena dakika zako mbili na nusu, ambazo ni zaidi ya moja ya tano ya filamu yote, uniambie ni nani amefanya jambo. Jua limechomoza, kama kawaida yake. Daraja limesimama. Binti amepiga mswaki. Hakuna mtu aliyetaka kitu akakikosa, hakuna aliyeficha kitu, hakuna aliyeogopa. Halafu kuna jambo lingine linalonisumbua zaidi ya droni: filamu ni ya mama, lakini sisi tunaamka na binti. Mtazamaji humshika mtu wa kwanza anayeonyeshwa kwa karibu na kumfuata huyo. Ukimpa binti kitanda, mswaki na kioo, umemwambia mtazamaji amfuate binti, kisha dakika ya nne unamtaka ahamie kwa mama. Atahama shingo upande.

Droni iache, na si kwa sababu ya pesa peke yake, ingawa laki moja na nusu kati ya laki nne ni pesa ambayo mtaililia siku ya pili mchana, watu wakiwa na njaa. Kurusha droni kunataka kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na pale Magogoni kivuko kipo jirani kabisa na Ikulu, mahali ambapo kijana mwenye kamera anasimamishwa kabla hajafungua traipodi. Hata vibali vyote vingetoka leo, bado ningekwambia uache. Picha za daraja na kivuko zinasema "hapa ni Dar", na mtazamaji wako alishalijua hilo kwa lafudhi ya mtu wa kwanza kufungua mdomo. Hadithi yako inakaa ndani ya chumba kimoja chenye cherehani. Anzia humo.

Sasa hiyo shoti ya Welles, maana rafiki yako ametaja kitu kizuri, na hapa nitakaa kidogo. Ni mwanzo wa "Touch of Evil". Kamera inazunguka mji wa mpakani zaidi ya dakika tatu bila kukatwa, inapanda juu ya mapaa, inashuka, inafuata gari na watu wanaotembea kwa miguu. Wanafunzi wanaishangaa kreni. Lakini kumbuka picha inayotangulia vyote: mikono ya mtu inatega bomu la saa, kisha bomu linawekwa kwenye buti la gari. Baada ya hapo Welles angeweza kutuonyesha ukuta mtupu na bado tungetazama, kwa sababu tunajua kitu ambacho wale walio ndani ya gari hawakijui. Urefu wa shoti unafanya kazi kwa sababu bomu linahesabu. Shoti ndefu inayotoka barabara ya Mbagala mpaka ndani kwa mama, bila bomu, ni matembezi tu.

Na kuna la pili kwenye filamu hiyohiyo linalokuhusu. Studio ilibandika majina ya waigizaji na watengenezaji juu ya shoti ile pamoja na muziki wa Henry Mancini. Welles aliwaandikia waraka wa kurasa 58 kuhusu jinsi filamu ilivyohaririwa, na mojawapo ya aliyoyataka ni sauti za mtaa wenyewe, muziki unaotoka kwenye mabaa na redio za magari kadiri kamera inavyopita. Hilo lilitekelezwa mwaka 1998, wakati yeye alishafariki, mhariri Walter Murch alipoihariri upya kwa kuufuata waraka ule na majina yakaondolewa kwenye picha. Kwa hiyo hata Welles hakutaka maandishi yagombane na picha yake. Wewe unataka majina matano, msimulizi na wimbo wa Bongo Fleva, vyote kwa pamoja, juu ya binti anayepiga mswaki.

Wimbo huo nao uondoe leo. Bila ruhusa ya wenye haki huwezi kuuonyesha nje ya darasa, na tamasha lolote la maana litakuuliza karatasi. Ukitaka kupeleka filamu ZIFF, tamasha la filamu la pale Zanzibar, ama popote, wimbo mmoja usio na kibali unaweza kuwanyima nafasi baada ya jasho lote hilo. Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA, itakueleza namna ya kuomba, lakini sioni kama unauhitaji. Una sauti bora ndani ya hadithi yako, na bado hujaisikiliza.

Pendekezo la mhariri naliheshimu, ila kwa filamu hii halifai. Kuanza na mwisho kunasaidia pale ambapo swali la mtazamaji ni "ilikuwaje mpaka ikafika hapa?" Swali lako ni "je, wataichukua?" Ukiionyesha cherehani imebebwa, umelijibu kabla hujaliuliza.

Basi bomu lako ni lipi? Lipo kwenye hadithi tayari: siri ya mama na mtu anayekuja mlangoni. Na sisi Waswahili tuna namna yetu ya kuja mlangoni ambayo hakuna daraja linaloweza kushindana nayo. Mtu anapiga hodi. Hodi hujibiwa. Hata ukiwa jikoni mikono ina unga, utajibu karibu, au utasema subiri. Mtoto mdogo anajua. Hodi isiyojibiwa wakati watu wapo ndani ni jambo zito mno kwetu, na mtazamaji wako atalisikia mwilini bila kuelezwa. Zaidi ya hapo, adabu tuliyofundishwa ni kupiga hodi tatu; usipojibiwa, unageuka unarudi ulikotoka. Kwa hiyo anayepiga ya nne si mgeni. Hapo ndipo filamu yako inaanza.

Nauona hivi. Skrini nyeusi. Tunasikia cherehani ya kukanyaga, inakwenda mbio, inasimama, inakwenda tena. Majina yenu yanapita kwenye weusi huo, maandishi meupe, makubwa ya kusomeka hata kwenye simu. Sekunde 15 zinatosha. Halafu sindano kwa karibu sana, inatoboa kitambaa cha bluu, sketi ya sare ya shule. Mguu mtupu kwenye kanyagio. Uso wa mama, mwanga wa dirisha upande mmoja, pini mbili mdomoni. Simu inatetemeka juu ya meza, namba haina jina, na kila inapotetemeka pini zilizo pembeni yake zinasogea kidogo. Mama anaigeuza kifudifudi bila kuondoa macho kwenye kitambaa. Inatetemeka tena, anaiweka chini ya lundo la sketi, sasa tunaisikia kwa mbali. Nje, sauti ya mwanamume, ya upole kabisa: "Hodi." Mguu unasimama. Binti, ambaye tulikuwa hatujamwona, anainua kichwa kutoka kwenye vifungo anavyoshona na anafungua mdomo aitikie. Mama anamtazama, anatikisa kichwa. "Hodi." Hakuna anayepumua. "Hodi hapa." Kimya. Binti anamtazama mama yake kama mtu asiyemfahamu. Pazia la mlango linapepea, chini yake viatu vyeusi vimesimama, havigeuki. Na ya nne inakuja, kwa sauti ileile ya upole. Kata. Jina la filamu.

Angalia ulichopata kwa dakika moja na nusu. Mama ana kazi yenye haraka, kuna mtu ambaye mama anamkwepa, binti hajui kitu na ameanza kushtuka. Mkopo haujatajwa. Msimulizi hahitajiki tena. Usikubali kuichukua hii kama ilivyo kwa sababu nimeisema mimi; ibadilishe mpaka iwe ya kwako, lakini linda hayo matatu.

Upangaji wenyewe sasa. Usianze na storibodi, yaani michoro ya shoti. Anza na chumba. Nenda kwa fundi atakayekuazima chumba, saa zilezile mtakazopiga, ukae humo muda wa kutosha kuona mwanga unavyohama. Kama mnapiga mwezi wa Julai, jua letu linakuwa upande wa kaskazini, kwa hiyo dirisha linalotazama kusini litakupa mwanga uliotulia kutwa nzima. La mashariki litakutupia miale mikali asubuhi na kukuacha gizani mchana, na shoti ya saa tatu haitafanana na ya saa sita. Ukikosa la kusini, tundika shuka jeupe nje ya dirisha. Upande wa uso uliobaki kwenye giza, mtu asimame na karatasi nyeupe ya manila kuurudisha mwanga. Taa ya tyubu izimeni. Ikilazimu kuwaka, umeme wetu ni wa hezi 50, basi piga fremu (picha) 25 kwa sekunde na shata, yaani muda wa kila picha kupokea mwanga, iwe moja ya hamsini ya sekunde, la sivyo picha itapepesa mistari ambayo hamtaigundua mpaka mkiwa kwenye kompyuta. Simu nyingi zinapiga fremu 30 zenyewe, kwa hiyo majaribio ya simu yanaweza kukuonyesha tatizo hilo mapema.

Chora chumba kama mtu anayekitazama kutoka kwenye paa. Weka mlango, dirisha, cherehani, kigoda cha binti. Vyumba vyetu vya kupanga ni vidogo, mgongo wa mpigapicha utagusa ukuta, na ni afadhali ulijue hilo kwenye karatasi. Weka alama za mahali kamera inapoweza kusimama kweli, kisha ndipo uchore shoti zako, hata kwa watu wa vijiti. Zisizidi kumi. Cherehani iwekeni mahali ambapo mlango utakuwa nyuma ya mama, ili fremu moja iwe na uso wake na lile pazia.

Sauti ndiyo itakayoubeba au kuuangusha mwanzo huu, na ndiyo wanafunzi wanayoisahau. Cherehani rekodini peke yake, maiki karibu kabisa, ikishona kitambaa halisi, kwa sababu ikienda bila kitambaa mlio wake ni mwingine. Kisha kwenye shoti zenye hodi, vueni mkanda wa cherehani. Mama atakanyaga kama kawaida, gurudumu la chini litazunguka, lakini kichwa hakitapiga kelele, na sauti ya mlangoni mtaipata safi. Ule mlio mtauweka kwenye uhariri. Ombeni jirani azime friji na feni kwa muda. Chumba kikiwa kimya, rekodini dakika moja ya ukimya huo, watu wote wamesimama tuli, mtauhitaji kujazia pale mnapokata. Azana ikianza, pumzikeni. Kunguru wa Dar hawaombwi, wasubirini wapite.

Jambo dogo la kitambaa: sindano ikishashona haiwezi kurudi nyuma. Kata vipande sita vya rangi na ukubwa mmoja, vishonwe nusu kabla, ili kila teki, yaani kila mkirudia shoti, ianze na mshono uliofika mahali palepale. Kama hamna vipande, mkihariri mtaona sketi imekwisha, kisha iko mwanzo, kisha imekwisha tena.

Mwanzo huu usiupige siku ya kwanza asubuhi. Hapo kila mtu bado anatafuta mahali pa kusimama, mwigizaji wa mama hajauzoea mguu wake, na wewe una hofu. Upige siku ya pili asubuhi, mkiwa mmeshazoeana. Shoti za sindano, mguu na simu, ambazo hazina maneno, ziwekeni mwisho, mwigizaji akiwa amechoka.

Pesa: chakula na maji ya watu kwanza, kisha nauli, kisha kitu cha mkononi kwa mwenye chumba maana mmemsimamishia kazi siku mbili, kisha kadi ya pili ya kuhifadhia ili picha za siku ya kwanza ziwe sehemu mbili kabla hamjalala. Kinachobaki kikae kwa prodyusa, kisiguswe. Barua ya chuo muwe nayo, waulizeni walimu wenu kuhusu kibali cha Bodi ya Filamu kabla ya siku yenyewe, na mwenyekiti wa serikali ya mtaa apewe taarifa ana kwa ana. Akiwajua, watoto wanaojazana mlangoni atawaondoa yeye kwa neno moja, kazi ambayo ninyi watano hamtaiweza.

Kabla ya yote hayo, wiki hii, upigeni mwanzo mzima kwa simu. Dada yako awe mama, jirani awe binti. Uharirini, kisha muonyesheni mtu ambaye hajasoma skripti. Simamisheni baada ya hodi ya nne mumuulize: nani yuko nje? Akisema mtu wa deni, au polisi, au mume aliyeachwa, mko vizuri, maana ameshaogopa. Akisema mgeni, kuna kitu hakijaonekana, na mara nyingi ni ile simu: ama mmeionyesha kwa haraka, ama mama ameigeuza kama mtu asiyejali.

Nimemwacha mpigapicha wako mwisho kwa sababu nadhani ndiye anayekuumiza zaidi. Usimwambie kwamba wazo lake limekataliwa. Mpe shoti yake ndefu mahali inapostahili: kuanzia hodi ya kwanza mpaka ya nne, bila kukata hata mara moja, kamera begani, kutoka kwenye mguu uliosimama, juu mpaka usoni kwa mama, kwa binti, na kuishia kwenye viatu chini ya pazia. Ni kama sekunde 40, ni ngumu kweli, na mwenye mkono wa kuiweza ni yeye. Shoti zangu za mkatokato zinaishia pale mguu unaposimama. Hayo usiyaandike WhatsApp. Waite wote wanne chumbani kwa fundi jioni moja, wewe ukae kwenye cherehani, mhariri ashike vifungo, prodyusa atoke nje akapige hodi, na mpigapicha mpe simu airekodi shoti yake.

Anti